Sura ya Saba: Kengele Inayolipiwa na Mwingine

Simu inayoitwa ya bure hulipiwa kama simu nyingine yoyote, kwa sababu umeme unaoendesha mnara, dizeli ya jenereta, mshahara wa fundi na ada ya masafa ya redio havijali kama aliyepiga ana salio au hana. Kinachofanyika ni kuiondoa bili kwa mpigaji na kuipeleka kwa mpigiwa, au kwa mtu wa tatu ambaye hata hayumo katika mazungumzo. Historia ya namba hizo ni historia ya kuhamahama kwa bili hiyo, na Milima ya Usambara ni mahali pafaapo kuifuatilia, kwa kuwa huko gharama ya kupiga simu haijawahi kuwa fedha peke yake. Mkazi wa Mtae au Mlalo aliyetaka kuzungumza na ofisi iliyoko Lushoto mjini, achilia mbali Tanga au Dar es Salaam, alilipa kwanza kwa miguu, kwa muda na kwa betri iliyochajiwa dukani, ndipo akalipa kwa shilingi.

Kabla ya mitambo inayojiendesha, simu ilipita mikononi mwa opareta aliyekaa mbele ya swichibodi, yaani ubao wenye matundu mengi ambamo alichomeka waya ili kuunganisha laini ya mmoja na ya mwingine. Katika mfumo huo kuihamisha gharama kulihitaji ridhaa tu: mpigaji alimwomba opareta amtafutie fulani kwa simu ya kulipiwa huko iendako, opareta akamwuliza huyo fulani kama anakubali, na akikubali malipo yakaandikwa upande wake. Makampuni yaliyochoka kuulizwa kila mara yaliamua kukubali mapema. Nchini Marekani yaliandikishwa kwa neno Zenith lililofuatwa na tarakimu chache, ambalo opareta alilitafuta katika orodha yake na kuunganisha simu bila kumsumbua mtu. Nchini Uingereza idara ya posta ilianzisha mwaka 1960 huduma ya Freefone, ambayo mpigaji alimtajia opareta neno hilo pamoja na jina la huduma aliyoitaka. Namba ya bure, kwa maana hiyo, ilianza kama ahadi iliyotunzwa kwenye karatasi mezani pa opareta, miaka mingi kabla ya kuwa namba.

Upande wa pili kulikuwa na ukoo mwingine wa simu za bure, wenye umri mkubwa zaidi, ambao haukuwa na uhusiano wowote na biashara. Mwaka 1937 jiji la London lilianza kutumia 999 kwa ajili ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa, na vibanda vya simu vya umma vikarekebishwa ili tarakimu hizo zipite bila sarafu kutumbukizwa. Kenya ingali na 999 hadi leo. Tofauti ya koo hizi mbili inafaa kukumbukwa katika sura nzima, kwa sababu katika ukoo wa kwanza muuzaji hulipa ili apate mteja, na katika wa pili umma hulipa ili mtu asife kwa kukosa sarafu. Vitabu vingi vya historia ya mawasiliano huusifu ukoo wa kwanza, wenye fedha na matangazo, lakini ule uliopanda milima hadi Usambara na kuleta mabadiliko ya kweli ni wa pili.

Kwamba ulichelewa kupanda si ajabu. Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal na kuifanya makao ya utawala wao katika eneo hilo, waliifikisha reli ya kutoka Tanga hadi Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo mawasiliano ya mlima na tambarare yalitegemea barabara iliyojipinda kupitia Soni, ambayo ni kilomita zipatazo 33 tu lakini ni za kupanda mfululizo. Katika zama za Waingereza, na baadaye chini ya shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki, simu ya mezani ilikuwa kifaa cha ofisi: bomani, posta, misheni na mashamba makubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo nalo liligawanywa kufikia mwanzoni mwa 1994, ndipo ikazaliwa kampuni ya simu ya TTCL. Mwaka 2000 Tanzania nzima ilikuwa na laini za mezani zipatazo 173,000. Katika nchi ambayo watu wengi hawakuwa na simu ya kupigia, namba isiyomtoza mpigaji ilikuwa kama nauli iliyofutwa kwenye basi lisilopita kijijini.

Wakati huohuo, teknolojia yenyewe ilikuwa imekwisha kupiga hatua mbili kubwa mbali na Usambara. Ya kwanza ilifanyika Marekani mwaka 1967, kampuni ya AT&T ilipoanzisha namba zinazoanza na 800 ambazo mtu alizipiga moja kwa moja bila opareta, huku kampuni iliyopigiwa ikilipia laini maalumu kwa bei ya jumla. Ya pili, iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiyo iliyoipa namba ya bure umbo ililonalo hadi leo, nayo inahitaji maelezo kidogo. Namba ya kawaida huelekeza mahali: mtambo husoma tarakimu zake za mwanzo, ukajua ni mkoa gani au mtandao gani, kisha ukasoma za mwisho na kujua ni laini ipi. Namba ya bure haielekezi mahali popote. Ni jina tu, na mtambo unapoipokea husitisha safari ya simu kwa sehemu ndogo ya sekunde, ukauliza hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta, kwamba jina hili leo ni la nani na kwa saa hii anapatikana wapi; hifadhidata hujibu kwa namba halisi pamoja na maelekezo ya nani atozwe, na simu ikaendelea na safari. Kwa sababu hiyo namba ileile inaweza kupokelewa Dar es Salaam mchana na kwingine usiku, au kumpeleka mpigaji katika kituo kilicho karibu na mkoa wake, bila yeye kujua kilichotokea katikati.

Tangu jina lilipotenganishwa na mahali, mengine yalifuata yenyewe. Mwaka 1993 Wamarekani waliruhusiwa kuhama kampuni ya simu bila kupoteza namba yao ya 800. Mwaka 1996 namba hizo zilikaribia kwisha, ikabidi kufunguliwa 888, kisha 877, 866 na nyinginezo. Na mwishoni mwa muongo huo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikuwa limetenga msimbo wa 800 kuwa kama nchi isiyo na ardhi, kwa ajili ya makampuni yaliyotaka namba moja ya bure katika mataifa mengi. Tanzania iliupokea mtindo huo ukiwa umekomaa. Mpango wa taifa wa namba, ambao tangu mwaka 2003 unasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uliwekea huduma hiyo namba zinazoanza na 0800, na mfano mzuri ni namba ya mamlaka yenyewe, 0800 008 272. Atakayeitazama simu ya vitufe ataona kwamba T imeandikwa kwenye 8, C kwenye 2, R kwenye 7 na A kwenye 2, hivyo tarakimu nne za mwisho ni TCRA, kifupisho cha jina la mamlaka hiyo kwa Kiingereza, kilichojificha. Ni mbinu ya kukumbusha namba ambayo Wamarekani waliitumia sana kutangaza bidhaa, ingawa katika nchi ambayo watu huhifadhi namba kwa jina la mtu na hawana mazoea ya kuandika maneno kwa vitufe vya kupigia, ni wachache wanaolitambua fumbo hilo.

Kuna jambo jingine lililoamua hatima ya 0800 nchini, nalo ni gharama za maingiliano ya mitandao, yaani fedha ambazo mtandao mmoja huulipa mwingine unapoingiza simu kwake. Katika simu ya kawaida mtandao wa mpigaji hukusanya fedha kwa mteja wake, kisha huumegea mtandao wa mpigiwa. Simu ya bure hupindua mto huo: mtandao wa mpigaji umefanya kazi bila kumtoza mteja wake, hivyo hauna budi kudai kwa mtandao unaomiliki namba ya bure, nao ukamdai mwenye namba. Pasipo makubaliano hayo, namba iliyo bure kwa laini ya mtandao mmoja hutoza au haifunguki kabisa kwa laini ya mwingine. Gharama za maingiliano zilipokuwa juu, ofisi iliyotaka kuwahudumia wateja wa mitandao yote ilijitwika mzigo mkubwa, lakini mamlaka ilizishusha hatua kwa hatua: kutoka shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013 hadi 15.60 mwaka 2018, na hadi shilingi 2 mwaka 2022. Msomaji anaweza kuziona takwimu hizo kavu, lakini zimeamua mengi kuliko tangazo lolote lenye maneno “piga bure”.

Simu za mkononi zilipoanza kuenea, na mwaka 2001 zikazipita za mezani kwa wingi, wananchi hawakungoja mpango wowote wa namba. Walijitengenezea simu yao ya bure, wakaiita kubipu. Msingi wake ni kanuni ya utozaji ambayo kila mtandao huifuata: fedha huanza kukatwa pale simu inapopokelewa, wala si inapolia, hivyo kengele husafiri bure. Mtu hupiga, huacha ilie mara moja, hukata kabla haijapokelewa, na namba yake hubaki kwenye kioo cha mwenzake kama barua isiyo na maneno. Maana yake hutegemea waliokubaliana: bipu moja nimefika salama, mbili nipigie. Mtafiti Jonathan Donner, aliyechapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu kanuni za kubipu uliotokana hasa na aliyoyaona Rwanda, alionyesha kwamba mchezo huo ulikuwa na adabu zake, ya kwanza ikiwa kwamba mwenye nacho ndiye anayepiga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mtafiti kumweleza hilo. Mpwa humbipu mjomba na mjomba akapiga. Mjomba akimbipu mpwa asiye na kazi, watu watasema. Makampuni yalipoona mitambo yao inabeba kengele zisizolipiwa yalianzisha ujumbe wa kumwomba mtu apige, uliotumwa bila salio, na hivyo utaratibu wa kale wa opareta wa kumwuliza mpigiwa kama yuko tayari kulipa ukarudi kwa sura mpya.

Mlimani, hata hivyo, kubipu nako kulihitaji mtandao. Mawimbi ya simu za mkononi husafiri karibu kama mwanga wa kurunzi, yakienda mbali sana penye uwazi na kufifia nyuma ya kizuizi, na Usambara ni nchi ya vizuizi: mgongo baada ya mgongo, na katikati yake mabonde yenye kina ambamo nyumba, migomba na matuta ya viazi mviringo vimepangwa kwenye miteremko. Mnara unaoonekana kutoka kilele kimoja huweza kuwa kivulini kwa kijiji kilicho chini yake kwa nusu saa ya mwendo. Matokeo yake ni yale yanayofahamika katika kila nchi ya milima, kwamba zipo sehemu za kusimama: jiwe fulani, kona ya njia, uwanja wa shule, mahali ambapo vijiti viwili vya mtandao huonekana na watu hukusanyika jioni wakiwa wamenyanyua simu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ijengwe katika kata ambazo kampuni hazioni faida kwenda, na ruzuku hiyo, ikitazamwa kwa makini, ni mtu wa tatu mwingine anayelipia simu ya mtu asiyemfahamu.

Badiliko lililoifaa zaidi nchi ya namna hii lilikuwa la ufupi. Namba ya 0800 ina tarakimu kumi na ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaoisoma gazetini au kwenye barua ya ofisi. Namba ya tarakimu tatu hupita kwa mdomo, redioni, kanisani, msikitini na mnadani bila kuandikwa. Kwa hiyo huduma za umma zilihamia katika namba fupi zinazoanza na 1, ambazo mamlaka huzitoa kwa masharti kwamba zifanane katika mitandao yote: 112 kwa polisi, 113 kwa taasisi ya kupambana na rushwa, 114 kwa zimamoto, 116 kwa watoto, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2013 chini ya uendeshaji wa shirika la C-Sema, na 199 ya Wizara ya Afya, ambayo wengi waliifahamu wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020. Hata ujumbe mfupi uliingia katika orodha hiyo. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilimtaka mjamzito au mwenza wake atume neno “mtoto” kwenda 15001 bila malipo, kisha akaletewa ushauri wa ujauzito kulingana na wiki alizofikia.

Namba 115 ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake bili imehamishwa zaidi ya mara moja. Ni namba ya mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga unaoitwa m-mama, ambao mizizi yake iko Kanda ya Ziwa, wilayani Sengerema, ulikojaribiwa tangu mwaka 2013 kabla ya kufika Shinyanga, na ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma mwezi Aprili 2022 ili uenee nchi nzima kwa ushirikiano wa Serikali, kampuni ya simu ya Vodacom na shirika la Touch Foundation. Hoja iliyouzaa ni nyepesi kuielewa. Magari ya wagonjwa ni machache na mara nyingi yako mbali, ilhali karibu kila kijiji kina mtu mwenye gari. Kinachokosekana usiku wa manane ni mambo mawili: wa kumpata mtu huyo, na wa kumlipa.

Mfano wa mama aliye katika kijiji kilicho upande wa Mtae, ambaye amejifungua katika zahanati na damu haikatiki, unaonyesha jinsi mambo hayo yanavyounganishwa. Muuguzi hupiga 115 kwa simu yoyote, yenye salio au isiyo nalo, na simu hupokelewa katika kituo cha uratibu, ambako mratibu huuliza maswali yaliyopangwa kwa zamu: mama yuko wapi, amejifungua saa ngapi, fahamu anazo, damu ni kiasi gani. Majibu huingizwa kwenye programu inayopima uzito wa hali na kupendekeza kituo cha kumpokea. Kama gari la wagonjwa liko mbali, mratibu hutafuta katika orodha dereva jamii, yaani mwenye gari binafsi aliyesajiliwa na kupewa mafunzo mapema, ambaye nauli yake kwa kila njia imekwisha kukubaliwa. Dereva humfuata mama, huteremka naye kwa barabara ya vumbi ambayo masika huigeuza utelezi, na akimfikisha hospitalini, kituo kilichompokea huthibitisha na malipo yakaingia kwenye simu ya dereva. Mama hajatoa hata senti, si ya simu wala ya gari. Katika simu ya 800 ya mwaka 1967 kilicholipiwa na mwingine kilikuwa mazungumzo peke yake. Katika 115 namba ya bure imekuwa mlango wa safari ya bure.

Takwimu za taifa zilizotangazwa kutokana na utafiti wa mwaka 2022 zilionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ingekuwa kosa kuipachika namba moja ya simu sifa ya anguko kubwa kiasi hicho, hasa kwa kuwa m-mama ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusambazwa nchini utafiti huo ulipofanyika. Vituo vya afya vilivyojengwa, wahudumu na dawa vina sehemu yao. Lakini kwa mtu anayeifahamu barabara ya Mombo hadi Lushoto wakati udongo na mawe vimeporomoka, umuhimu wa kumpata dereva wa kijijini kabla ya kungoja gari kutoka bondeni hauhitaji jedwali.

Ubure una adha zake. Kila huduma isiyotoza mpigaji hupokea watoto wanaochezea simu, wanaopiga na kunyamaza, na waliokosea namba, na kila simu ya namna hiyo humtoza mwenye namba na kukalia laini ambayo mwingine anaihitaji. Baadhi ya watu nao huogopa kinyume chake: wamezoea kusikia kwamba rahisi ghali, hivyo hutazama salio kabla na baada ya kupiga ili kujiridhisha. Na ipo hali moja ambayo simu za mkononi za mfumo wa GSM ziliiandalia njia tangu mwanzo bila wengi kuifahamu, kwamba simu ikikosa mtandao wake huruhusiwa kuazima mtandao wowote ulio karibu kwa ajili ya 112, na kwa viwango vya kiufundi inaweza kufanya hivyo hata bila laini ndani yake, isipokuwa pale nchi ilipoamua vingine. Kwa anayesimama kwenye mteremko ambao mnara wa mtandao wake umezibwa na mlima huku mnara wa jirani ukionekana, kanuni hiyo ni ya thamani kuliko kifurushi chochote.

Mkondo wa sasa unaelekea kwingine. Mwaka 2014 kampuni ya simu ya Tigo iliwapa wateja wake Facebook ya Kiswahili bila gharama ya data, na ilionekana kana kwamba wazo la 800 lingehamia zima zima kwenye intaneti, mwenye huduma akimlipia mgeni wake. Ofisi na wauzaji wengi wamechukua njia nyepesi kuliko hiyo: wanaandika namba ya WhatsApp kwenye bango, hawalipi kitu kwa kila anayewasiliana, na gharama inarudi kimyakimya kwa yule aliyejiunga kifurushi. Mkulima wa karoti au kabichi wa upande wa Lukozi aliyeona madoa kwenye majani hupiga picha, huituma kwa bwana shamba au kwa muuza pembejeo, na hungoja alama mbili za kufika ujumbe zigeuke buluu. Kifurushi kikiisha kabla jibu halijaja, hupanda hadi penye mtandao mzuri, hutafuta namba ileile, huiacha ilie mara moja, kisha hukata.